Swali Ambalo Crispus Hakuuliza

Kwa miaka ishirini na mitatu Crispus Mwadime ametengeneza umeme wa pikipiki mjini Voi, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko, na hana desturi ya kuigusa pikipiki ya mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe maswali matatu. Imelala wapi? Nani aliiwasha mara ya mwisho ikakubali? Na ilipokataa, ilisema nini? Huyauliza akiwa ameketi juu ya kreti, mikono juu ya magoti, bisibisi zake zikiwa bado ndani ya mkebe. Wenye haraka hukasirika, naye huwaacha wakasirike hadi wamalize, kisha huyarudia kwa sauti ile ile.

Ni pikipiki moja tu aliyopata kuifungua bila kuuliza, na mwenye pikipiki hiyo tulimzika Kasigau mwezi wa Februari.

Nilimfundisha Crispus darasa la sita huko Ronge, siku ambazo kengele ya shule ya misheni ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Siku moja alisimama katikati ya somo la hesabu akataka kujua kwa nini reli ile hulia vingine asubuhi yenye baridi na vingine adhuhuri. Sikuwa na jibu, nikamwambia akae chini. Akakaa. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi zaidi mwaka huu kuliko miaka yote iliyotangulia.

Alipomaliza shule alipata kazi katika karakana ya shamba la mkonge, chini ya fundi mmoja Mkamba aliyekuwa mzito wa masikio. Kwa kuwa hakusikia injini vizuri, fundi yule alikuwa amejizoeza kuwahoji madereva, na ndiye aliyemfundisha Crispus kwamba umeme haupotei. Kama haupo hapa, basi umekwenda mahali, na mara nyingi mwenye mashine anapajua mahali penyewe ila hajui kwamba anapajua. Alimfundisha pia kutoanza na stata. Mafundi wengi huanza nayo kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Crispus huanza na betri ikiwa imetulia, kisha huipima tena kidole kikiwa kwenye kitufe, aone imeshuka kiasi gani. Kisha huufuata waya mweusi unaorudi kwenye chuma cha injini, maana kutu kidogo mahali hapo hufanana kabisa na kifo cha betri. Stata huifungua mwisho, baada ya kuvithibitisha vingine vyote.

Nilishuhudia kazi hiyo mwezi wa Novemba, nilipokuwa nimempelekea redio yangu. Alifika Idris, mwendeshaji bodaboda wa pale mjini, kijana wa watu wa pwani mwenye maneno mengi, akiisukuma pikipiki yake huku jasho likimtiririka.

"Fundi, inanifia kila asubuhi," Idris alisema. "Nitolee hiyo stata, unitilie nyingine, niende zangu."

"Imelala wapi?"

"Imelala nyumbani. Kwani ilale hotelini?"

"Ndani ama nje?"

"Mzee, wewe ni fundi au ni mke wangu?"

Watu wa vibanda vya jirani walicheka. Crispus alingoja.

"Nje," Idris alisema hatimaye. "Chini ya tangi la maji. Lakini tangi langu halivuji, wallahi. Latoa jasho tu."

"Hilo jasho linadondokea wapi?"

Idris aliitazama pikipiki yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mkono wa kulia," alisema. "Papo hapo kwenye swichi."

Crispus aliifungua swichi, na ndani mlikuwa na ukungu wa kijani kama ule wa senti za zamani. Aliusugua kwa msasa, akapuliza, akafunga. Stata ilizunguka mara moja na injini ikaitika. Idris alisema kwamba laiti mkewe angeulizwa maswali mazuri kama hayo, hata ndoa yake ingewaka asubuhi. Crispus alitabasamu, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akairudia redio yangu. Hata hiyo aliniuliza imelala wapi.

Mke wa Crispus ni Wakesho, binti ya Noah na Tryphena wa Kasigau. Noah alikuwa rika langu. Alikuwa ofisa wa mifugo. Kwa miaka thelathini alizunguka vijiji vilivyouzunguka mlima ule na ranchi za huku Ndara akichanja ng'ombe na kushona majeraha yao, na alipostaafu aliinunua katika mnada pikipiki aliyofanyia kazi, ya Kijapani, ya zamani, tangi lake limepauka hadi likawa na rangi ya chai. Jumapili alisoma masomo kanisani. Misheni ilituondolea mambo mengi, mengine kwa haki na mengine kwa haraka tu, lakini katika nyumba ya Noah adabu ya ukwe ilibaki nzima.

Ni vyema niieleze adabu hiyo, maana vijana wa leo wataisoma habari hii wakishangaa. Katika nyumba ile mkwe hakukaa mbele ya mama mkwe wala hakumtazama usoni. Akiwa na neno alilipitisha kwa mkewe. Tryphena alipokutana na Crispus njiani, aliiacha njia akapita majanini, naye Crispus aliinamisha kichwa hadi nyayo zitoweke. Kwa baba mkwe kulikuwa na nafasi ya mazungumzo, lakini mzee ndiye aliyeanza na mzee ndiye aliyeuliza, kijana alijibu. Kumhoji baba mkwe juu ya mambo ya nyumba yake kulihesabiwa kuwa sawa na kumpekua mifukoni. Crispus, ambaye aliwahoji watu wote wa Voi, aliishi ndani ya adabu hiyo miaka ishirini na mmoja wala hakulalamika. Nadhani aliipenda. Ilikuwa mahali pekee duniani ambapo hakutakiwa kujua kitu.

Mwaka juzi figo za Noah zilichoka. Madaktari wakamwambia lazima afike Voi kila Jumanne na kila Ijumaa, damu yake isafishwe kwa mashine. Wanawe walikutana, na Wakesho akaandaa chumba nyumbani kwake mjini, dakika chache tu kutoka hospitali. Noah aliwasikiliza wote, kisha akasema atabaki Kasigau.

"Hofu yenu ni shamba," aliwaambia. "Mnadhani nitajiua kwa kulima na kukesha nikifukuza ndovu. Basi jembe nimelitua. Siku mtakayosikia nimelima tena, njooni mnibebe na kitanda changu, sitabisha."

Wakakubali. Kila alfajiri ya siku ya matibabu Noah aliiwasha pikipiki, Tryphena akakaa nyuma amefunika kichwa kwa leso, wakashuka hadi Maungu penye barabara kuu. Huko waliiacha kwa mwenye duka, wakapanda gari la Voi. Baada ya mashine Noah alilala kwa Wakesho, na kesho yake walirudi. Siku hizo Crispus alikula kibandani, asije akakutana na mama mkwe mezani.

Kila kitu, basi, kiliegemea pikipiki ile, nayo iliegemea stata yake. Kiki, ile ya kuwashia kwa mguu, ilikuwa imekatika meno zamani na kipuri chake hakipatikani tena. Kuisukuma hakukusaidia, kwa kuwa moto wa plagi yake hutoka kwenye betri; betri ikiishiwa, ungeweza kuisukuma hadi Maungu na bado ingekuwa chuma kitupu. Na hata kama ingekubali kusukumwa, nani angeisukuma katika mchanga wa Kasigau? Mgonjwa na mwanamke wa miaka sabini?

Ilianza kukataa mwezi wa Januari. Mara ya kwanza jirani yao Ronald, ambaye naye ana pikipiki, aliwafikisha Maungu. Jumapili iliyofuata Crispus alitoka Voi na mkebe wake wa bisibisi, akafika Kasigau watu wanapotoka kanisani. Noah alikuwa kwenye kiti barazani, miguu imevimba ndani ya soksi.

"Fundi, mtazame huyo mzee mwenzangu," Noah alisema. "Asubuhi inakohoa tu. Tik, tik, kama mimi nikipanda ngazi."

"Nimesikia, baba."

"Ni uzee. Hakuna dawa ya uzee, lakini wewe itazame."

Crispus alichutama kando ya pikipiki. Alipima betri, akaikuta chini sana. Aliichaji kidogo kwa chaja aliyokuja nayo, akaiwasha injini akapima tena. Umeme wa kuchaji ulikuwa unapanda vizuri. Alizima, akaung'oa waya mweusi na kuiweka mita katikati, aone kama kuna umeme unaovuja pikipiki ikiwa imelala. Hapakuwa na kitu. Swichi, fyuzi, rilei, vyote vilikuwa sawa. Pikipiki ilikuwa nzima, ila betri yake ilikwisha kila usiku kama maji ya mtungi uliotoboka, na tundu halikuonekana.

Ndipo alipoinamia vichwa vya betri. Kwenye risasi ile laini aliona mikwaruzo midogo inayong'aa, minne upande huu na minne upande ule. Alipitisha kidole juu yake. Hakuna fundi asiyezijua alama hizo. Ni meno ya vibanio, vile ambavyo mtu hubana kwenye betri anapotaka kuutoa umeme aende nao kwingine.

Nyuma ya nyumba mahindi yalikuwa yamesimama, yamefikia kifua, na katikati yake pojo. Crispus aliniambia baadaye kwamba aliyaona, na kwamba alidhani, au alitaka kudhani, kuwa ni ya Ronald.

Aliinua kichwa akamkuta Noah anamtazama.

"Umeona nini?" Noah aliuliza.

Mzee mwenyewe alikuwa ameufungua mlango. Lakini Crispus alikuwa amelelewa kusimama nje ya mlango huo, na mguu wake haukunyanyuka. Angesema nini? Kwamba kuna mtu katika nyumba hii anaiba umeme wa pikipiki, na nyumba ina watu wawili tu?

"Betri imechoka, baba," alisema. "Nitaleta nyingine."

Noah alishusha pumzi ndefu. "Si nilikwambia," alisema. "Uzee."

Betri mpya ilidumu siku tisa.

Ilipokataa tena, Crispus aliipakia pikipiki kwenye pikapu akaileta Voi, ikalala kibandani mwake siku tatu. Kila asubuhi aliigusa kitufe, na kila asubuhi iliitika kabla kidole hakijakaa sawa. Ilikuwa kama wale wagonjwa wanaopona wakifika mlangoni kwa daktari. Wakesho alimletea chai akamkuta ameketi anaitazama.

"Ingekuwa ya Idris," Wakesho alisema, "ungekuwa umeshauliza kwa nini inapona ikiwa hapa na kuugua ikiwa kule."

"Idris si baba yako."

"Basi nipe hilo swali, nimuulize mimi."

"Ukimuuliza wewe atajua limetoka kwangu."

"Lisitoke kwako litoke kwa nani, na wewe ndiye fundi?"

Crispus alipokea chai, naye Wakesho hakulichukua swali. Alikuwa na hofu yake mwenyewe. Mtoto wa Kasigau huijua harufu ya mahindi mabichi kwenye nguo za mama yake, na alikuwa ameisikia. Lakini kulijua jambo hilo kungemlazimisha kwenda kumbeba baba yake na kitanda chake, kama mzee alivyoapa mwenyewe, na aliogopa kwamba mzee akitolewa kwake hatafika mbali. Kwa hiyo walikunywa chai. Kisha Crispus alibadilisha rilei isiyokuwa na kosa, akasugua waya usiokuwa na kutu, akafunga kila kitu upya na kuirudisha pikipiki Kasigau. Mikono ilikuwa imepata kazi, na kinywa kimepata udhuru.

Mwezi wa Februari mvua ilinyesha isivyo kawaida. Alhamisi korongo lilijaa, na Ijumaa hakuna chombo kilichovuka kwenda Maungu, kwa hiyo Noah alikosa zamu yake. Hilo lenyewe halikuwa la kuua. Wagonjwa wa figo huweza kuikosa siku moja wakijizuia maji na chumvi, na Noah alikuwa mtu wa kujizuia. Ila hakupaswa kuikosa na Jumanne.

Jumatatu maji yalipungua, na Jumanne alfajiri barabara ilipitika. Noah alivaa koti, Tryphena akajifunga leso. Pikipiki ikasema tik. Ronald alikuwa ameshaondoka na abiria. Gari la kijijini lilikuwa limeteremka mapema kuwahi kabla korongo halijajaa tena. Tryphena alimpigia Wakesho simu, Wakesho akakimbia hadi kibandani akiwa bado na unga mikononi.

Idris alikuwa pale. Alimtazama Crispus usoni, akamtupia ufunguo wa pikipiki yake bila neno lolote, na kwa Idris hilo lilikuwa jambo kubwa.

Crispus aliwakuta karibu na Maungu. Mwenye duka alikuwa ametumiwa habari na kupanda na pikapu yake kuwachukua, na kwa utelezi ule ilikuwa imewachukua asubuhi nzima. Noah alikaa mbele, uso umejaa maji hadi macho yamekuwa mistari, akivuta pumzi kana kwamba anaivuta kutoka kisimani. Tryphena alikuwa nyuma, kati ya magunia, leso imemfunika uso. Pikapu ilisimama. Crispus aliukaribia mlango, akainamisha kichwa.

"Fundi," Noah alisema. "Umekuja na pikipiki ya watu."

"Pole, baba."

"Ile yangu..." Alitua, akatafuta pumzi. "Usiifungue tena. Haina kosa."

Crispus alimwinulia macho, kwa mara ya kwanza nafikiri, na mzee hakuyakwepa. Kisha dereva akasema lazima waende.

Walifika hospitalini mchana. Jumatano kabla ya saa sita Noah alikuwa ameaga dunia.

Tulimzika siku ya Jumanne iliyofuata, siku ambayo kwa kawaida angekuwa Voi. Mlima ulifunikwa na wingu tangu asubuhi. Nilisoma somo alilozoea kusoma yeye, na sikulisoma vizuri. Siku zote tulizokaa matangani hakuna aliyelikumbuka shamba, na tulipoamka asubuhi ya mazishi tulilikuta limekanyagwa lote, mabua yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na mavi ya ndovu yakifuka mvuke katikati ya pojo. Kama mahindi yangekuwa ya Ronald, angeyalinda; ndipo wanawe wote walipojua kwamba hayakuwa yake. Lakini mtu hagombezwi akiwa ndani ya jeneza.

Siku ya nne baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, Crispus alikwenda kuitoa pikipiki pale ilipoegemezwa ukutani, ili airudishe Voi. Mimi nilikuwa barazani nikimngoja, maana tulikuwa tusafiri pamoja. Tryphena alitoka jikoni akiwa na viti viwili vidogo. Kimoja alikiweka chini, cha pili akakikalia.

Crispus aligeuka aondoke njiani.

"Kaa," Tryphena alisema.

Alisimama, macho chini. Wakesho alitokea mlangoni na jagi la maji, akabaki pale pale.

"Kaa, Crispus."

Katika miaka ishirini na mmoja hakuwa amelitamka jina lake. Crispus alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyekalia kitu cha moto.

"Wakesho ameniambia unavyofanya kazi," Tryphena alisema. "Kwamba huigusi pikipiki mpaka umwulize mwenyewe. Mimi ndiye mwenyewe sasa. Niulize."

"Mama, ukwe..."

"Ukwe tumeulinda. Tumeulinda kuliko mahindi. Niulize."

Crispus aliiweka mikono juu ya magoti, kama afanyavyo kibandani.

"Imelala wapi?" aliuliza.

"Shambani. Chini ya dungu. Tangu mahindi yaanze kuchanua."

Dungu ni jukwaa la miti ambalo mlinzi wa mazao hukalia. Noah alikuwa amelijenga ujanani, kwenye kona ya shamba inayoelekea porini.

"Nani aliiwasha mara ya mwisho ikakubali?"

"Yeye. Lakini si injini. Aliwasha taa na honi. Alivuta waya kutoka kwenye betri hadi kule penye mabati ya mpakani, alikozitundika, kwa kuwa hakuweza tena kukimbia akipiga debe. Ndovu wakifika anabonyeza, taa inawaka, honi inalia, wanarudi. Zilikuwa zamu, akichoka nabonyeza mimi. Kukipambazuka tunaikokota kidogo kidogo hadi hapa na waya tunauficha ghalani, ili ukija usiuone." Alinyoosha leso juu ya magoti. "Ndovu walikuja Ijumaa, wakaja Jumamosi, wakaja Jumapili. Jumatatu nikamwambia, kesho ni Voi, iache betri ipumzike. Akasema mahindi yamebakiza wiki mbili."

Swali la tatu Crispus hakulimaliza. "Ilipokataa..."

"Ilisema tik. Naye akaiambia, 'Nyamaza, nimekusikia.' Akakaa chini pale ulipo wewe."

Wakesho aliliweka jagi chini.

"Mama," Crispus alisema, "niliziona alama za vibanio. Mwezi wa kwanza."

"Najua. Nilikuwa dirishani. Nilikuona ukizipitishia kidole, nikamwomba Mungu uulize."

"Ningeuliza, angeniambia?"

Tryphena alifikiri. Hakuwa mtu wa kumfariji mwingine kwa uongo, hata siku hiyo.

"Hapana," alisema. "Angesema ni panya. Unamjua. Lakini swali lingekuwa limeshatoka, limekaa hapo barazani, na mimi ningeliokota. Sikuwa na ujasiri wa kulianza. Kulijibu ningeweza."

Aliinuka, akaenda ghalani, akarudi na waya umeviringishwa kama kamba ya ng'ombe. Ulikuwa mrefu sana, umeungwa kutoka vipande vingi, vya rangi zote, na kila kiungo kilikuwa kimefungwa kwa ukanda mwembamba wa mpira wa tairi, kimoja baada ya kingine, kwa unadhifu wa mtu aliyeshona majeraha ya mifugo maisha yake yote. Crispus aliupitisha mkononi taratibu, kiungo hadi kiungo, hadi akafika kwenye vibanio. Akasema ni kazi nzuri.

Aliitia pikipiki betri aliyokuja nayo, akabonyeza. Iliitika mara moja. Sauti yake ilijaa ua mzima, na Tryphena alisimama akiisikiliza hadi alipoona imetosha, akamwashiria kwa mkono aizime.

Sasa Tryphena anaishi Voi, katika chumba kile alichoandaliwa mumewe. Amekataa Crispus ale kibandani. Wanakula meza moja, Crispus akiitazama sahani yake, na siku hupita bila wao kusemezana, lakini wanakula. Shamba la Kasigau halijalimwa.

Juzi nilimpelekea redio tena. Pikipiki ya Noah iko ndani ya kibanda, imefunikwa gunia, na waya ule umetundikwa juu yake kwenye msumari. Watu huja kuitaka, kwa kuwa za aina hiyo zimekuwa adimu. Mtu mmoja alifika nikiwa pale, akalifunua gunia, akauliza kama inauzwa, na kama haiuzwi ina ubovu gani hata ikae bure.

"Haina kosa," Crispus alimwambia, akalirudisha gunia mahali pake.